Laptopu mbili, ruta hakuna: kuhamisha video za harusi bila kugusa bando

Swali

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mwenzangu tunapiga picha na video za harusi, send-off na kipaimara hapa Moshi. Tumepanga chumba kimoja karibu na Double Road. Laptopu yake ni mpya, ina Windows 11. Yangu ni ya zamani kidogo, Windows 10. Kila Jumatatu tunahamisha kama GB 40 kutoka kwake kuja kwangu ili nianze kuhariri. Flashi yetu ya GB 32 inakataa video kubwa, inasema faili ni kubwa mno wakati nafasi ipo. Bluetooth tulijaribu, video ya GB 3 ikala jioni nzima halafu ikakatika. Fundi mmoja aliniambia nitengeneze ad hoc, yaani mtandao wa waifai wa laptopu kwa laptopu, lakini kwenye Windows yangu hiyo sehemu siioni. Mwingine akasema bila ruta haiwezekani, na tukitumia hotspoti ya simu bando litaisha kabla ya video ya kwanza kufika. Je, laptopu mbili zinaweza kupeana mafaili hewani bila ruta? Na ni salama?"

Jibu

Zinaweza, ndugu yangu, na hazihitaji hata MB moja ya bando. Ila swali lako limebeba mambo kadhaa yaliyoshikana: flashi inayokataa, ad hoc isiyoonekana, bando linaloogopwa na ruta inayodhaniwa kuwa ya lazima. Tuyaachanishe, maana kila moja lina sababu yake.

Tuanze na flashi, kwa kuwa ni jambo la dakika mbili. Haijaharibika. Imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja la GB 4 au zaidi, hata flashi ikiwa tupu kabisa. Hamisheni vilivyomo, bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format", na penye "File system" weka exFAT. Kila kitu kitafutika, lakini baada ya hapo itameza video ya GB 7 bila ubishi. Hata mkihamia hewani ifanyieni hivyo, kwani siku waifai ikigoma mtaihitaji.

Sasa ruta. Wengi huamini kwamba ruta ndiyo yenye mawimbi na laptopu kazi yake ni kuyapokea tu. Kadi ya waifai iliyo ndani ya laptopu ni redio kamili, inasikiliza na inarusha. Kinachokosekana laptopu mbili zikiwekwa mezani ni mmoja wa kuongoza shughuli. Mfikirie MC wa sherehe mnazopiga picha: anatangaza, anaelekeza wageni viti vyao, anaamua nani ashike maiki saa ngapi. Ruta hufanya hayo hayo. Inatangaza jina la mtandao, inakagua nywila, inampa kila anayeingia anwani yake ya IP (namba ya kumtambulisha mtandaoni), na mazungumzo yote yanapitia kwake. Lakini MC si lazima akodiwe. Ndugu yeyote mwenye sauti anaweza kushika maiki. Simu yenu inaweza kazi hiyo, na laptopu yenyewe inaweza.

Kuhusu bando: simu iliyowasha hotspoti ina redio mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Moja ni ya waifai, inaongea na laptopu zilizo chumbani. Nyingine inaongea na mnara wa kampuni ya simu, na hiyo ndiyo inayohesabiwa. Faili linalotoka kwa mwenzako kuja kwako hupita kwenye redio ya kwanza peke yake, mnara haulijui. Kinachowamalizia watu bando ni kwamba laptopu ikishaonja intaneti, Windows inaanza kushusha masasisho yake na OneDrive inaanza kupandisha picha, kimyakimya. Kwa hiyo zima data ya simu kwanza, ndipo uwashe hotspoti. Laptopu itaandika "No internet, secured". Msishtuke, hicho ndicho tunachokitaka.

Na ad hoc? Fundi wako hakukudanganya, ila maelezo yake ni ya enzi ya Windows 7, ambapo menyu ya kuunda mtandao wa namna hiyo ilikuwepo. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 menyu hiyo iliondolewa. Ikabaki amri ya kuandika kwa mkono, na hata hiyo inategemea draiva, yaani programu inayoendesha kadi yako. Fungua Command Prompt (dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa "Hosted network supported". Mstari huo ukisema "Yes", amri ya zamani bado itafanya kazi. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni mstari huo utasema "No". Ukikuta "No", liache hapo. Kuzunguka mitandaoni kushusha draiva zisizojulikana ili neno hilo ligeuke ni kujitafutia virusi, na njia zilizochukua nafasi yake ni rahisi zaidi.

Ukiwa bado kwenye majibu ya amri hiyo, angalia pia mstari wa "Radio types supported" kwenye laptopu zote mbili. Ukiona 802.11a, ac au ax, kadi hiyo inashika masafa ya GHz 5. Ukiona b, g na n peke yake, basi karibu kila mara ni ya GHz 2.4 tu. Andika majibu pembeni, kwa sababu jambo hili moja litaamua kama kazi yenu ni ya dakika au ya masaa.

Njia ambayo ningeijaribu kwanza ni simu kuwa mwenyeji. Zima data. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, weka jina na nywila ya herufi zisizopungua nane, usalama uwe WPA2 au WPA3. Kama simu inaruhusu kuchagua masafa na laptopu zote mbili zinashika GHz 5, chagua 5. Kama laptopu yako ya zamani ni ya 2.4 pekee, jina la hotspoti halitajitokeza kabisa kwenye orodha yake, na watu wengi hapo hudhani simu ni mbovu. Zima pia kile kipengele cha hotspoti kujizima yenyewe baada ya dakika kadhaa. Chomeka simu kwenye chaji, iweke katikati ya meza, kisha unganisha laptopu zote mbili.

Kwenye kila laptopu andika ipconfig kwenye Command Prompt na usome "IPv4 Address". Namba tatu za mwanzo zikilingana, tuseme 192.168.43.15 kwa yako na 192.168.43.88 kwa yake, mko chumba kimoja. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, laptopu hiyo haikupewa anwani na mwenyeji. Ikate na uiunganishe upya.

Kasoro ya njia hii ni kwamba kila kipande cha faili kinaruka hewani mara mbili, kutoka laptopu kwenda kwa simu, kisha kutoka kwa simu kwenda laptopu ya pili, na safari zote mbili zinagombania hewa ileile. Kasi inakatika nusu. Hapa pia usichanganywe na namba za kwenye maboksi: Mbps ni megabiti, na megabaiti (MB) moja ni megabiti nane. Kadi iliyoandikwa 72 Mbps kwenye GHz 2.4, ukitoa usumbufu wa hewani na ukigawa mara mbili, itakupa kama MB 2.5 kwa sekunde. GB 40 zenu zitachukua karibu masaa manne na nusu. Kwenye GHz 5 mambo hubadilika, MB 15 kwa sekunde ni jambo la kawaida, na mzigo uleule unaisha kwa dakika 45 hivi. Bluetooth, kwa kulinganisha, hutembea na MB 0.2 kwa sekunde siku ikiwa njema. GB 40 zingehitaji zaidi ya siku mbili mchana na usiku. Haikuwa imeharibika, ilitengenezwa kwa ajili ya spika na kipanya.

Njia ya pili humwondoa mtu wa kati: laptopu mpya yenyewe inakuwa mwenyeji. Windows 10 tangu mwaka 2016 na Windows 11 zote zina kitu hiki. Ingia "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Mobile hotspot". Weka jina, nywila na masafa. Kwenye "Power saving" zima, la sivyo itajizima ikikaa bila mgeni. Faili likitoka kwake linaruka mara moja tu na kukufikia, kwa hiyo kwenye GHz 5 mnaweza kuona MB 30 kwa sekunde au zaidi, yaani GB 40 kwa chini ya nusu saa.

Lakini kuna kikwazo ambacho huwaudhi wengi. Windows haikubali kuwasha "Mobile hotspot" kama laptopu haina muunganisho wowote wa kugawa. Inadhani kazi yako ni kugawa intaneti, haina habari kwamba unataka kuhamisha video tu. Ukiona ujumbe kwamba haiwezi kuwasha kwa kuwa hakuna muunganisho wa Ethernet, waifai wala data ya simu, chomeka simu kwenye laptopu hiyo kwa waya wa USB, washa "USB tethering" huku data ya simu ikiwa imezimwa, kisha jaribu tena. Mara nyingi Windows huridhika, kwa sababu imeona waya. Asiyetaka simu kabisa anaweza kuweka kadi ya bandia: fungua Device Manager, bofya "Network adapters", kwenye menyu ya "Action" chagua "Add legacy hardware", fuata njia ya kuchagua mwenyewe, "Network adapters", "Microsoft", kisha "Microsoft KM-TEST Loopback Adapter". Kwenye kompyuta nyingi hiyo inatosha kuidanganya Windows. Si zote.

Laptopu mwenyeji kwa njia hii huwa na anwani 192.168.137.1 kila mara, na ukurasa wa "Mobile hotspot" utakuonyesha aliyeunganishwa pamoja na anwani yake. Ziandike.

Mpaka hapa hewa imeshakamilika, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu laptopu zimeungana lakini folda haifunguki. Shida haiko tena kwenye waifai, iko kwenye mlango wa Windows. Mlango huo una makufuli matatu, na ni lazima yote yafunguliwe kwenye laptopu inayotoa mafaili. Inayovuta haihitaji kufungua chochote.

Kufuli la kwanza ni aina ya mtandao. Windows ikikutana na mtandao mpya huuhesabu kuwa "Public", kana kwamba uko stendi, na inajificha. Bofya jina la waifai uliyounganishwa nayo, ingia "Properties", chagua "Private". Mtandao usio na intaneti wakati mwingine haukupi nafasi hiyo. Basi fungua PowerShell kama msimamizi ("Run as administrator"), andika Get-NetConnectionProfile uone namba ya "InterfaceIndex", halafu, kama namba ni 12:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceIndex 12 -NetworkCategory Private

Kufuli la pili ni ruhusa ya kushirikisha. Kwenye Windows 11 iko ndani ya "Advanced network settings", kisha "Advanced sharing settings". Kwenye Windows 10 iko Control Panel, "Network and Sharing Center". Chini ya "Private" washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Chini ya "Public" acha vimezimwa.

La tatu ndilo linalowatesa watu kuliko yote: nywila. Unaandika \\192.168.137.1 kwenye kisanduku cha anwani cha File Explorer, dirisha linatokea linaomba jina na nywila, na wewe unaandika ile PIN ya namba nne ambayo mwenzako hufungulia laptopu yake kila asubuhi. Inakataa. Unarudia, inakataa tena, mnaanza kulaumiana. PIN ni ya kompyuta ile peke yake, ukiwa umekaa mbele yake; haivuki mtandao kamwe. Kama anaingia kwa akaunti ya Microsoft, kinachotakiwa ni barua pepe yake na nywila halisi ya akaunti hiyo, ambayo huenda alishaisahau tangu siku ya kwanza. Na kama akaunti yake haina nywila kabisa, Windows kwa kawaida yake inakataa akaunti tupu kuingia kupitia mtandao. Kuna wanaoshauri kuzima sharti la nywila ili kila mtu aingie kama mgeni. Mimi sishauri, na Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 imekaza mambo kiasi kwamba hata ukizima mara nyingi utagonga mwamba.

Dawa ni kuunda akaunti ndogo ya kazi hiyo kwenye laptopu inayotoa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

net user studio Kilema-2580 /add

Nywila wekeni yenu. Kisha weka video kwenye folda iliyo wazi, kwa mfano C:\Harusi, si ndani ya Desktop. Ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Give access to", halafu "Specific people" (kwenye Windows 11 utapitia kwanza "Show more options"). Chagua studio, mpe "Read", bonyeza "Share". Kwa kuwa wewe unavuta tu, "Read" inatosha. Hata laptopu yako ikiwa na virusi haviwezi kuandika chochote kwenye folda yake.

Ukiwa kwenye laptopu yako, andika \\192.168.137.1\Harusi (kwa njia ya simu, weka IPv4 ya laptopu yake badala ya namba hiyo). Dirisha likiomba jina, tanguliza jina la kompyuta yake, mkwaju wa nyuma (\), kisha studio. Jina hilo analipata kwa kuandika hostname. Weka nywila, folda itafunguka.

Isipofunguka, ipigie hodi laptopu yake: andika ping na anwani yake kwenye Command Prompt, usome jibu kwa makini, kwa sababu majibu mawili yanayofanana yana maana tofauti. "Destination host unreachable" maana yake ulizo lako halikumfikia kabisa: ama hamko mtandao mmoja, ama mwenyeji anawatenganisha. "Request timed out" mara nyingi maana yake limefika lakini kinga ya Windows (firewall) imelinyamazia, basi rudi kwenye makufuli. Kutenganishwa huko ndiko hufanya laptopu mbili zilizoungana na waifai ya bure ya mgahawa au hoteli zisionane. Ruta za sehemu kama hizo hupangwa hivyo makusudi ili wateja wasichunguliane, na simu chache pia hufanya hivyo. Simu ikifanya hivyo, badilisha simu au mhamie njia ya pili.

Mkitumia njia ya pili, kuna wakati Windows 11 iliyo mwenyeji huendelea kuihesabu hotspoti yake kuwa "Public" na hupati pa kuibadilishia. Usipigane nayo. Geuza mwelekeo: laptopu yako, ambayo ni mgeni, iwe ndiyo yenye folda iliyoshirikishwa, akaunti ya studio iundwe kwako na ipewe "Read/Write", na mwenzako ndiye asukume video kuja kwako kwa kutumia anwani anayoiona kwenye ukurasa wa hotspoti yake. Waifai yako unaweza kuifanya "Private" bila taabu.

Na kama haya makufuli yanakuchosha, ipo programu ya bure iitwayo LocalSend. Ishusheni mara moja, iwekeni kwenye laptopu zote, na tangu hapo haihitaji intaneti, inahitaji tu mwe kwenye hotspoti moja. Mara ya kwanza Windows itauliza kama iruhusiwe. Kubali kwa "Private". Kila laptopu itaona nyingine ikiwa na jina la utani la tunda au mboga, mnachagua mafaili, wa upande wa pili anakubali. Kwa picha mia mbili za kipaimara ni nzuri mno. Kwa GB 40 nasita, kwa sababu uhamishaji ukikatika katikati ya video kubwa, video hiyo inaanza upya.

Kwa mzigo mkubwa tumia robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tayari. Kwanza fungua folda ya mwenzako kwenye File Explorer ili nywila ikubalike, kisha kwenye Command Prompt ya laptopu yako:

robocopy \\192.168.137.1\Harusi D:\Harusi /E /Z /R:5 /W:10

Kama laptopu yako haina D, andika C. Hiyo /E inachukua folda zote za ndani, /Z inaiwezesha kuendelea pale faili lilipokatikia, /R:5 inajaribu mara tano na /W:10 inasubiri sekunde kumi kila jaribio. Muunganisho ukikatika kabisa, rudisha hewa na uandike amri ileile. Yaliyokwisha kufika itayaruka.

Laptopu kulala ni adui mkubwa kuliko umeme kukatika. Umeme ukikatika, ruta ya ukutani ingezima, lakini laptopu mbili na simu zina betri na kazi inaendelea. Hiyo ni faida ya mpango huu ambayo watu hawaihesabu. Kulala ndiko kunakoua. Kwenye mipangilio ya "Power" weka "Sleep" iwe "Never" kwa muda wa kazi, msifunge vifuniko, na zimeni "Battery saver" kwani inaweza kupunguza nguvu ya waifai. Wekeni laptopu umbali wa mita moja hadi mbili, bila ukuta kati. Katikati ya mji, ambako kila duka lina waifai yake, GHz 2.4 imejaa, na hapo umbali mfupi ndiyo nafuu pekee mnayoweza kujipa.

Mkimaliza, linganisheni "Properties" za folda zote mbili: idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti, si kwa GB. Kwa video ambayo haiwezi kupigwa tena, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256 pande zote mbili. Mistari miwili ikifanana herufi kwa herufi, nakala ni salama. Kadi ya kamera isifomatiwe kabla ya hapo.

Umeuliza usalama. Hewani mko salama kama nywila ya hotspoti si jina la studio yenu au 12345678, kwa sababu WPA2 husimba kila kinachopita. Hatari kubwa ni yale mnayoyaacha wazi baada ya kazi. Zimeni hotspoti, mkitoka na laptopu msiiache folda imeshirikishwa, na akaunti ikikosa kazi ifuteni kwa net user studio /delete. Fundi akisema "zima firewall yote ndiyo itakubali", mwambie hapana. Makufuli matatu yakifunguliwa sawasawa haihitajiki. Hivyohivyo akitaka kuwasha SMB 1.0, njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha mafaili, kwenye "Windows Features". Ni kwa mlango huo huo virusi vya WannaCry vilisambaa duniani mwezi Mei 2017. Na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 2025, laptopu yako ni ya kuchungwa zaidi ya ile nyingine. Ni sababu nyingine ya kupenda "Read".

Sasa niseme lile ambalo hukuuliza. Kwa watu wanaokaa meza moja na kuhamisha GB 40 kila wiki, mimi nisingetumia hewa. Ningenunua waya wa mtandao wa Cat5e wa mita mbili wenye vichwa vya RJ45, na kuuchomeka moja kwa moja laptopu kwa laptopu. Hauhitaji ruta wala waya maalumu wa kuvuka kama zamani. Matundu ya gigabiti hujipanga yenyewe. Kasi ni kama MB 100 kwa sekunde, na diski ya zamani ya kuzunguka ndiyo itakayokurudisha nyuma, kwa hiyo mzigo wenu utaisha kwa dakika nane hadi kumi. Mkisubiri kidogo Windows itajipa anwani za 169.254, ambazo kwa waya huu zinatosha; mkitaka za kudumu, wekeni kwa mkono 192.168.50.1 kwake na 192.168.50.2 kwako, "Subnet mask" 255.255.255.0, "Gateway" acheni wazi. Makufuli matatu ni yaleyale. Laptopu mpya nyembamba mara nyingi haina tundu hilo. Itahitaji kiunganishi cha USB 3.0 kwenda Ethernet chenye maandishi ya gigabiti, si cha 100 Mbps, ambacho kitawapa MB 11 tu.

Fundi akiwakatia waya mwambie abane nyaya zote nane, pande zote mbili kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akibana nne tu ili kubana matumizi, waya utafanya kazi lakini utashuka hadi 100 Mbps na hamtajua kwa nini.

Mpelekee fundi laptopu pale ambapo orodha ya waifai haionyeshi mtandao wowote hata ukiwa kando ya hotspoti, pale kadi inapopotea na kurudi kwenye Device Manager, au pale kasi inapokuwa chini ya MB 1 ilhali mko mita moja na masafa ni GHz 5. Hayo huwa ni antena iliyochomoka ndani, kadi inayokufa, au draiva iliyoharibika, na hakuna mpangilio wa kuyatibu. Kadi ya ndani kwenye laptopu nyingi hubadilishwa kwa kufungua kifuniko cha chini. Kwa laptopu yako ya zamani hiyo ndiyo nafasi ya kumwomba aweke ya GHz 5 kama inakubali. Kama haikubali, kadi ndogo ya USB ya waifai ya GHz 5 inafanya kazi hiyohiyo. Bebeni laptopu zote mbili na chaja zake, na majibu ya netsh wlan show drivers mliyoyaandika. Akisema lazima apige Windows upya, video zenu ziwe zimeshatoka kwenye diski hiyo kabla hajagusa kitu.